Saa za Makaa: Kituo cha Umeme wa Mvuke katika Historia ya Uingereza, 1882–2024

Kituo cha kufua umeme kwa makaa ya mawe hula fedha nyingi kabla hakijatoa hata uniti moja ya umeme, yaani kilowati-saa moja. Ardhi, majoko, turbini, transfoma, dohani na reli ya kuletea makaa vyote hugharimiwa mwanzoni, mara nyingi kwa mkopo, na riba ya mkopo huo haijali kama mitambo inazunguka au imelala. Makaa yenyewe, kinyume chake, hulipiwa kadiri yanavyochomwa. Kwa hiyo swali la msingi katika uchumi wa kituo cha aina hii halijawahi kuwa bei ya makaa peke yake, bali idadi ya saa ambazo mitambo yake itafanya kazi kati ya saa 8,760 za mwaka, kwa kuwa gharama ile ile isiyobadilika hugawanywa kwa uniti nyingi au kwa uniti chache kulingana na saa hizo. Uingereza ndiyo nchi ambako swali hili linaweza kufuatiliwa tangu chanzo hadi tamati, maana ilifungua kituo chake cha kwanza cha umma cha makaa mwaka 1882 na kukifunga cha mwisho mwaka 2024, na kila kipindi cha miaka hiyo 142 hueleweka vizuri zaidi mtu akiuliza ni nani aliyekuwa akizigawa saa hizo na kwa kanuni gani.

Kituo hicho cha kwanza kilijengwa na kampuni ya Thomas Edison katika Holborn Viaduct, daraja la barabara katikati ya London, ambapo nyaya ziliweza kupitishwa chini ya daraja bila kuchimbua mitaa. Jenereta yake ya tani 27, iliyopewa jina la Jumbo kwa kufuata tembo mashuhuri wa zama hizo, iliendeshwa kwa injini ya mvuke ya pistoni na kutoa takriban kilowati 93 za mkondo mnyoofu, yaani umeme unaokwenda upande mmoja tu, kwa nguvu ya volti 110. Wateja walikuwa taa za barabarani pamoja na majengo ya karibu. Kituo kiliendeshwa kwa hasara, kikafungwa mwaka 1886, na taa zile zikarudishwa kwenye gesi. Hasara hiyo haikutokana na ubovu wa mitambo. Taa huhitajika jioni na usiku, hasa wakati wa baridi. Mchana wa kiangazi mtaji wote ule ulikuwa umekaa bure, huku kampuni za gesi, ambazo ziliweza kuhifadhi bidhaa yao katika matangi makubwa na kuiuza baadaye, zikiendelea kutengeneza mchana na usiku. Umeme haukuwa na tangi. Ulilazimika kufuliwa katika sekunde ile ile ambayo mtumiaji ameuhitaji, na hali hiyo ndiyo iliyoufanya muda kuwa bidhaa halisi ya biashara hii.

Mhandisi John Hopkinson ndiye aliyelieleza jambo hili kwa ufasaha wa kwanza, katika hotuba yake ya mwaka 1892 kuhusu gharama za kusambaza umeme, alipoonyesha kwamba mteja humgharimu mwenye kituo kwa namna mbili: kwanza kwa kumlazimu awe na mtambo mkubwa wa kutosha kukidhi mahitaji ya mteja huyo yanapofika kileleni, na pili kwa makaa yanayochomwa kila anapowasha. Mtu anayewasha taa nyingi kwa saa moja tu kwa siku ni ghali kuliko anayewasha chache kwa saa kumi, hata kama mita zao zinasoma uniti sawa. Katika mji wa Brighton, Arthur Wright aliifanya nadharia hiyo kuwa mita, kwa kubuni kifaa kilichorekodi kilele cha matumizi ya kila nyumba, na Samuel Insull, mzaliwa wa London aliyekuwa akijenga himaya yake ya umeme huko Chicago, aliuona mpango huo alipotembelea Brighton mwaka 1894 akaubeba hadi Marekani. Kuanzia hapo wauzaji wa umeme waliwasaka wateja wa mchana: kampuni za tramu, viwanda vya nguo, karakana za meli, majumba yenye lifti.

Teknolojia nayo ilikuwa ikisukuma upande huo huo. Charles Parsons alibuni turbini ya mvuke mwaka 1884, mashine ambayo mvuke wenye kani kubwa hupita kati ya safu za mapanga yaliyofungwa kwenye mhimili na kuuzungusha moja kwa moja, bila pistoni ya kwenda na kurudi. Mwaka 1890 kituo cha Forth Banks mjini Newcastle kikawa cha kwanza kutumia jenereta za turbini kwa umeme wa umma. Sebastian de Ferranti, kijana mwenye ujasiri ambao wenye mitaji wake waliuogopa, alijenga Deptford, kando ya Mto Thames, kituo kilichopeleka mkondo geu, yaani umeme unaobadili mwelekeo mara nyingi kwa sekunde, hadi katikati ya London kwa volti 10,000. Mkondo geu ulikuwa na faida moja kubwa: nguvu yake ya volti hupandishwa na kushushwa kwa transfoma, hivyo unaweza kusafirishwa mbali bila kupotea sana njiani. Kituo hakikulazimika tena kukaa jirani na taa zake. Kingeweza kujengwa penye maji mengi na makaa ya bei nafuu.

Sheria hazikuifuata hesabu hiyo. Halmashauri za miji na kampuni binafsi zilipewa leseni kila moja kwa eneo lake dogo, na kufikia mwisho wa Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia jiji la London pekee lilikuwa na mamlaka zipatazo 70 za kusambaza umeme, zenye volti za aina nyingi na marudio ya mkondo yasiyolingana. Kila moja ilikuwa na mtambo wa akiba kwa ajili ya kilele chake yenyewe, ingawa vilele hivyo havikutokea saa moja. Mitambo mingi ilisubiri jioni. Ni katika Kaskazini Mashariki tu, karibu na Newcastle, ambako Charles Merz aliunganisha viwanda, migodi na karakana za meli katika mtandao mmoja, ndiko umeme wa Uingereza ulikokuwa wa bei nafuu kwa kiwango cha kujivunia.

Sheria ya Umeme ya mwaka 1926 ilikuja na jibu ambalo ni la kushangaza kidogo kwa serikali ya chama cha Conservative: iliunda Bodi Kuu ya Umeme, chombo cha umma kisichomiliki vituo lakini chenye mamlaka ya kujenga njia za kuviunganisha na kuamua vipi kati yake vizalishe na vipi vipumzike. Njia hizo za volti 132,000, ambazo ndizo asili ya ile iitwayo Gridi ya Taifa, zilikuwa zikifanya kazi kwa kanda kufikia mwaka 1933, na mwaka 1938 kanda zikawa mfumo mmoja. Marudio ya mkondo yakasawazishwa kuwa 50 kwa sekunde. Newcastle, iliyokuwa imetangulia wote kwa kutumia marudio 40, ililazimika kubadilisha mitambo yake, na huo ni mfano mmojawapo wa jinsi aliyewahi anavyoweza kutozwa gharama ya kuwahi kwake. Kwa kuwa vituo sasa vilisaidiana, akiba ya mitambo iliyokaa bure ikapungua sana, na vituo vichache vilivyo bora vikapewa saa nyingi. Battersea, kilichoanza kuzalisha mwaka 1933 kikiwa na sura ya nje iliyochorwa na Giles Gilbert Scott, ni mtoto wa hesabu hiyo: kituo kikubwa ndani ya jiji, kilichoruhusiwa kujengwa kwa sharti la kuuosha moshi wake kwa maji ya Thames ili kuondoa sehemu kubwa ya salfa, ingawa maji hayo yenye asidi yalirudishwa mtoni.

Umeme ulitaifishwa tarehe 1 Aprili 1948, na mwaka 1958 ukaanza kuendeshwa na shirika lililoitwa Central Electricity Generating Board, ambalo lilikuwa na jukumu la kuzalisha na kusafirisha umeme wote wa Uingereza kusini mwa mpaka wa Scotland. Shirika hilo ndilo lililoupa mtambo wa makaa umbo lake kamili. Kandokando ya Mto Trent na mito inayoelekea Humber, katikati ya maeneo ya migodi ya Nottinghamshire na Yorkshire, lilijenga vituo vya megawati 2,000 kila kimoja, vyenye mashine nne za megawati 500. Baadaye Drax, chenye mashine sita za megawati 660, kikawa kikubwa kuliko vyote. Ujenzi haukwenda bila ajali: tarehe 1 Novemba 1965, minara mitatu kati ya minane ya kupozea maji huko Ferrybridge iliporomoka kwa upepo, kwa kuwa wasanifu hawakuzingatia vya kutosha jinsi kundi la minara linavyoubana upepo na kuuongezea nguvu.

Inafaa kueleza kilichokuwa kikitendeka ndani ya kituo cha aina hiyo, maana uchumi wake umo ndani ya vyuma. Makaa yaliletwa na treni zilizozunguka kati ya mgodi na kituo bila kufunguliwa mabehewa. Treni ilipita juu ya shimo la kupokelea kwa mwendo wa pole kuliko wa mtu anayetembea, milango ya chini ya mabehewa ikafunguka yenyewe, takriban tani 1,000 zikamwagika, na treni ikarudi ilikotoka. Mkanda uliyapeleka makaa hadi kwenye vinu, ambavyo viliyasaga yakawa laini kama unga wa ngano, kwa sababu vumbi linalopulizwa pamoja na hewa ya moto huungua mara moja na kikamilifu, tofauti na mabonge. Boila, jengo la mabomba lenye kimo cha ghorofa nyingi, halikusimamishwa juu ya msingi bali lilining'inizwa kutoka kwenye boriti za juu, ili likipata moto litanuke kuelekea chini bila kujipinda. Maji ndani ya mabomba hayo yaligeuka mvuke wa nyuzi 565 hivi za Selsiasi, wenye kani inayokaribia mara 160 ya ile ya hewa ya kawaida. Mvuke ulipita katika turbini ya kani kubwa, ukarudishwa kwenye boila kupashwa tena, kisha ukamalizia nguvu zake katika turbini za kani ya kati na ndogo, zote zikiwa kwenye mhimili mmoja na jenereta, zikizunguka mara 3,000 kwa dakika, wala si pungufu wala zaidi, kwa sababu mzunguko huo ndio unaotoa marudio 50 kwa sekunde.

Baada ya hapo mvuke uliingia katika kondensa, chombo cha kuupoza hadi urudi kuwa maji, na ni hapa ambapo zaidi ya nusu ya joto la makaa lilipotea. Maumbile ya joto hayaruhusu mvuke wote kugeuzwa kuwa mwendo: kituo cha miaka ya 1960 kilipata umeme kwa takriban asilimia 35 ya nishati ya makaa, Drax kwa asilimia 38 hivi, na sehemu kubwa ya salio ilipaa angani kupitia minara mipana ya kupozea maji. Wapita njia wengi waliliona wingu jeupe la minara hiyo wakadhani ni moshi, kumbe lilikuwa mvuke wa maji tu. Moshi wenyewe ulitoka katika dohani nyembamba na ndefu, karibu mita 200, ukiwa umekwisha kupita katika vichujio vya umeme tuli vilivyonasa karibu majivu yote. Majivu hayo yaliuzwa kwa watengenezaji wa matofali ya saruji, na baadaye, vituo vilipofungiwa mitambo ya kuondoa salfa kwa kutumia chokaa, jasi iliyopatikana iliuzwa kwa viwanda vya mbao za kuta. Yalikuwa mapato madogo, lakini mhasibu wa kituo aliyapenda kwa kuwa mbadala wake ulikuwa kulipia jalala.

Mashine moja ya megawati 500 ilichoma takriban tani 200 za makaa kwa saa, sawa na kilo 0.4 kwa kila uniti. Drax yote, ikizunguka kwa nguvu zote, ilimeza takriban tani 36,000 kwa siku. Tarakimu ya kilo 0.4 ndiyo iliyotawala maisha ya kituo, kwa kuwa shirika liliviorodhesha vituo vyake vyote kwa gharama ya kuzalisha uniti moja ya ziada, na chumba cha udhibiti kikaviita kazini kwa kufuata orodha hiyo, kuanzia cha gharama ndogo hadi cha gharama kubwa, hadi mahitaji ya saa ile yatimie. Waingereza waliuita mpango huo utaratibu wa ustahili, na kweli ulikuwa na ukali wa mtihani: kituo kipya chenye ufanisi mkubwa, kilicho karibu na mgodi, kilizunguka usiku na mchana, kikizeeka, kilisukumwa kwenda kwenye saa za jioni, kisha kwenye jioni za baridi tu, hadi siku kilipoondolewa orodhani. Gharama za ujenzi hazikuingia katika hesabu hiyo, kwa kuwa zilikwisha kutumika na hazirudi. Ubora wa mfumo huu haupaswi kutiwa chumvi, maana shirika lile lile lilijenga kupita kiasi na mashine zake za kwanza za megawati 500 zilisumbua kwa miaka. Lakini katika kugawa saa kwa haki na kwa gharama ndogo, hakuna soko lililokuja baadaye lililoonyesha waziwazi kwamba linaliweza zaidi.

Utegemezi huo wa makaa ulikuwa na bei ya kisiasa. Mwezi Februari 1947, wiki chache baada ya migodi kutaifishwa, theluji ilizuia treni, akiba vituoni ikakauka, na waziri wa nishati Emanuel Shinwell akatangaza mgao: viwanda vya maeneo makubwa vikakatiwa umeme kabisa, na majumba yakakosa umeme kuanzia saa 3 asubuhi hadi saa 6 mchana na tena kuanzia saa 8 hadi saa 10 alasiri. Mgomo wa wachimbaji wa Januari na Februari 1972 ulirudisha mgao, safari hii kwa zamu za mitaa, baada ya wagomaji kugundua kwamba si lazima waizuie migodi yenyewe, bali inatosha kuzuia kinachoingia vituoni. Miaka miwili baadaye, katika mvutano mwingine na wachimbaji, Waziri Mkuu Edward Heath aliamuru viwanda na ofisi vitumie umeme siku tatu tu kwa wiki, kuanzia Januari hadi mapema Machi 1974, akaitisha uchaguzi kwa kuuliza ni nani anayeitawala nchi, na wapigakura hawakumpa wingi wa kutosha bungeni.

Serikali ya Margaret Thatcher ilijifunza kutokana na hayo kwamba milima ya makaa iliyolundikwa vituoni ni silaha. Mgomo mkubwa ulipoanza Machi 1984, milima hiyo ilikuwa tayari, wachimbaji wengi wa Nottinghamshire waliendelea kufanya kazi, na Walter Marshall, mwenyekiti wa shirika la umeme, akaendesha vituo vya mafuta vilivyokuwa ghali mno kwa saa ambazo katika mwaka wa kawaida visingezipata kamwe. Utaratibu wa ustahili uliwekwa kando kwa makusudi. Mgomo ukadumu karibu mwaka mzima bila mgao hata mmoja wa kitaifa, ukavunjika Machi 1985, na gharama ya mafuta yale ikaingia katika hesabu za umma kama gharama nyingine yoyote ya vita.

Vituo vya umeme vilikuwa vimechoma takriban tani milioni 90 za makaa mwaka 1980. Kilichopunguza kiasi hicho kwanza hakikuwa wasiwasi juu ya hali ya hewa bali ubinafsishaji. Tarehe 31 Machi 1990 shirika liligawanywa: vituo vya makaa vikaenda kwa National Power na PowerGen, njia za umeme zikawa kampuni ya pekee, na saa zikaanza kuuzwa sokoni kwa vipande vya nusu saa, kila kituo kikitaja bei yake siku moja kabla. Kampuni za usambazaji zilizokuwa zikitafuta njia ya kutowategemea wazalishaji wawili zikaingia ubia wa kujenga vituo vya gesi asilia, ambavyo hutumia turbini ya gesi kwanza na kisha mvuke unaotokana na joto la moshi wake, na kwa njia hiyo hufikia ufanisi wa asilimia 50 na zaidi. Vilijengwa kwa miaka michache tu, vilihitaji wafanyakazi wachache, na mikataba ya gesi iliwalazimu wenye vituo kuilipia hata wasipoitumia, hivyo vikazunguka saa zote. Mwezi Oktoba 1992 waziri Michael Heseltine alitangaza kufungwa kwa migodi 31 na kupotea kwa ajira zipatazo 30,000. Ghadhabu ya umma ilichelewesha baadhi ya hukumu hizo bila kuzifuta.

Kwa vituo vya makaa vilivyobaki, mabadiliko hayo yaliingia hadi ndani ya chuma. Mashine zilizosanifiwa kuzunguka miezi bila kusimama sasa zilizimwa usiku na kuwashwa alfajiri, wakati mwingine mara mbili kwa siku. Kuwasha mashine iliyopoa kabisa huchukua saa nyingi, maana kuta nene za vyuma zikipashwa moto haraka hupasuka. Mwanzoni huchomwa mafuta ya bei ghali, na kila mzunguko wa moto na baridi hula sehemu ya umri wa mabomba. Wahandisi wa Trent walifanya kazi ya kusifiwa katika kuzifundisha mashine hizo tabia mpya. Faida iliyopatikana kwa kuuza jioni pekee, hata hivyo, ilibidi ilipie pia uchakavu ambao haukuonekana katika bei ya siku ile.

Sheria za Ulaya kuhusu salfa na oksidi za naitrojeni zilifuata, na moja kati ya hizo iligawa saa kwa maana halisi kabisa ya neno. Chini ya agizo la mwaka 2001 kuhusu mitambo mikubwa ya kuchoma, mwenye kituo aliyekataa kufunga vifaa vya kusafisha moshi aliruhusiwa kukiendesha kwa saa 20,000 tu kuanzia Januari 2008, na alilazimika kukifunga kabla ya mwaka 2016 hata kama hazijaisha. Kwa wastani hiyo ni chini ya saa saba kwa siku. Makaa yalikuwa rahisi katika miaka hiyo, kwa sababu Marekani ilikuwa imepata gesi yake nyingi ya miambani na kuyapeleka makaa yake ng'ambo, kwa hiyo wenye vituo walizitumia saa zao upesi kuliko ilivyotarajiwa: Kingsnorth kilisimama Desemba 2012, Didcot A na Cockenzie Machi 2013. Ndiyo maana mwaka 2012, ambao ungedhaniwa kuwa wa machweo, makaa yalitoa karibu asilimia 40 ya umeme wa nchi.

Kilichofuata kilikuwa cha ghafla. Aprili 2013 Uingereza iliongeza kodi yake yenyewe juu ya bei ya Ulaya ya kutoa hewa ukaa, na kufikia mwaka 2015 kodi hiyo ilikuwa imepanda hadi takriban pauni 18 kwa tani. Kwa kuwa uniti moja ya makaa hutoa karibu kilo 0.9 za hewa hiyo na ya gesi chini ya nusu ya hapo, kodi ile ilimwongezea mwenye makaa takriban pauni 16 kwa kila megawati-saa na mwenye gesi takriban saba, tofauti iliyotosha kupindua orodha nzima ya nani aitwe kwanza. Sehemu ya makaa katika umeme wa nchi iliporomoka kutoka asilimia 22 hivi mwaka 2015 hadi 9 hivi mwaka 2016. Upepo wa baharini na paneli za jua, ambazo hazinunui fueli na kwa hiyo huitwa kabla ya wengine wote, zilichukua saa zilizobaki, na tarehe 21 Aprili 2017 nchi ilipitisha siku nzima bila kuchoma makaa vituoni, kwa mara ya kwanza tangu Holborn. Kellingley, mgodi wa mwisho wa chini kabisa ya ardhi, ulikuwa umefungwa Desemba 2015, na makaa machache yaliyohitajika yalikuja zaidi kwa meli.

Kituo kisicho na saa za kuuza kinaweza bado kuuza utayari wake, na kwa minada iliyoanza mwaka 2014 serikali iliweka utaratibu wa kuvilipa vituo kwa ajili ya kuwapo tu, ili viitwe siku ya baridi isiyo na upepo. Malipo ya aina hii yanajulikana vizuri Afrika Mashariki, ambako mikataba ya wazalishaji binafsi kwa kawaida huwa na fungu la uwezo linalolipwa hata umeme usipochukuliwa. Mradi wa makaa wa megawati 1,050 uliopangwa kujengwa Kwasasi, Kaunti ya Lamu nchini Kenya, ulikuwa wa namna hiyo, katika nchi ambayo kilele chake cha matumizi mwaka 2019 hakikufika megawati 2,000. Usiku kituo hicho kingegombea saa na mvuke wa ardhini wa Olkaria, ambao hauhitaji kununua fueli yoyote. Baraza la Mazingira la Kenya lilibatilisha leseni yake Juni 2019 kwa hoja za ushirikishwaji wa wananchi na tathmini ya mazingira, lakini yeyote aliyeifuata hesabu ya saa aliweza kuona tatizo la pili ambalo baraza halikulazimika kulitegemea.

Nchini Uingereza serikali ilitangaza mwaka 2015 kwamba makaa yangekoma mwaka 2025, kisha ikauwahisha mwisho huo hadi tarehe 1 Oktoba 2024. Drax ilikuwa imegeuza mashine zake nne kati ya sita kuchoma vipande vya miti, uamuzi ambao mabishano yake hayajaisha. Kilichobaki kilikuwa Ratcliffe-on-Soar, huko Nottinghamshire, kituo cha mwishoni mwa miaka ya 1960 kilichodumu kwa sababu wamiliki wake waliotangulia walitumia fedha kufunga vifaa vya kuondoa salfa na oksidi za naitrojeni ilhali wengine walichagua zile saa 20,000. Treni yake ya mwisho iliwasili tarehe 28 Juni 2024 ikiwa na tani zipatazo 1,650, kiasi ambacho mashine zote nne, zikizunguka kwa nguvu zote, zingekimaliza kwa saa mbili hivi. Uzalishaji ulikoma tarehe 30 Septemba, na wafanyakazi wake wapatao 170 wakaanza kazi ya kukifungua na kukiondoa, iliyokadiriwa kuchukua miaka miwili. Boila, vinu na turbini ni vyuma chakavu. Chenye thamani sokoni ni kiungo cha volti 400,000 na gridi, kitu kinachogombewa na wajenzi wa betri kubwa, ambao biashara yao ni kununua umeme katika saa zinapokuwa rahisi na kuuuza zinapokuwa ghali.